Urari wa Ndege Mfano: Nukta Tatu Zilizopewa Jina Moja

Kwenye ramani ya karibu kila ndege mfano, ile inayojengwa kwa mti wa balsa au povu gumu na kuongozwa kwa redio, kuna alama ndogo ya duara iliyochorwa kwenye bawa au ubavuni mwa kiwiliwili. Duara limekatwa robo nne: mbili zinazotazamana kwa pembe zimepakwa weusi, mbili zimeachwa nyeupe. Ramani ikiwa ya Kiingereza, kando ya duara huandikwa herufi CG. Ikiwa ya Kijerumani, huandikwa SP. Karatasi ile ina mistari mamia, lakini hakuna mwenye amri kama alama hiyo. Rangi ukiikosea, ndege itaruka. Gurudumu likikaa upande kidogo, itaruka. Alama hii ukiipuuza, ndege huenda ikaondoka ardhini vizuri, kisha ikainua pua, ikapoteza mwendo na kurudi chini vipande vipande kabla rubani hajajua kidole kiende wapi.

Kwa Kiswahili jambo hilo tumelipa jina la kitovu cha graviti. Wengine husema kitovu cha uvutano, wengine kituo cha mvutano. Majina haya nayapenda, na yule aliyeyatunga kwanza alifanya kazi ya maana. Lakini anayekaa mezani na ndege mkononi, akiitafuta nukta hiyo kwa ncha za vidole, anashughulika na nukta tatu, wala si moja. Zote tatu tumezitwika jina moja, na mara nyingi mwanafunzi anapochanganyikiwa ni jina lililomchanganya, hesabu haina kosa. Habari njema ni kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kuzitenganisha, na mengi yamo kinywani mwa watu tangu zamani. Nataka kuyapanga hapa moja baada ya jingine, pamoja na kazi ambayo kila moja linaifanya.

Kitovu

Archimedes wa Syracuse, aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo, ndiye ambaye maandishi yake kuhusu urari wa maumbo bapa yametufikia kama chimbuko la elimu hii. Kwa Kigiriki, katikati ni kentron. Maana yake ya kwanza ni kitu chenye ncha, mchokoo wa kuswagia ng'ombe, kisha ncha ya bikari inayochoma ubao ili duara lichorwe kuizunguka. Waarabu walipoichukua elimu hiyo na kuiendeleza, katikati wakaiita markaz, kutoka mzizi wenye maana ya kuchomeka mkuki ardhini usimame. Lugha mbili zisizo na udugu zimeona jambo lile lile: katikati ni mahali palipochomwa.

Mwaka 1121, katika mji wa Marw ulio katika Turkmenistan ya leo, mwanazuoni al-Khazini alimaliza kitabu kikubwa kuhusu mizani, uzito na vitovu vya uzito. Jina lake ni Kitab Mizan al-Hikma. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa: kitabu, mizani, hekima. Maneno yote matatu yamo majumbani mwetu. Elimu ya kupima uzito ilipita kwenye maneno ambayo sisi tunayatumia sokoni, msikitini na darasani, na kwa hiyo mtu anayesema kwamba somo hili ni geni kwa Kiswahili hajatazama vizuri.

Sisi, hata hivyo, hatukuchukua markaz. Tulichukua kitovu. Kitovu hakikuchomwa na mtu. Mtoto huzaliwa nacho, na hakuna aliyechagua kiwe wapi. Mtu husema kijiji fulani ndiko kilikozikwa kitovu chake, akimaanisha asili yake, na asili haibadiliki kwa sababu mwenyewe ameichoka. Hapo ndipo ninapoona uzuri wa chaguo hilo. Kila kitu chenye uzito kina kitovu chake tayari, upende usipende. Ndege uliyoiunganisha jana, ikiwa na betri, sevo, waya, propela na gundi iliyozidi mkiani, inacho kitovu chake sasa hivi, hata kabla hujakitafuta. Wewe unakikuta tu.

Kuhusu sehemu ya pili ya jina, graviti haina kosa. Ni neno la kukopa lililozoeleka mashuleni, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya mwaka 1990 ni ushahidi wa jinsi watu wetu walivyojitahidi kuipa sayansi msamiati. Mvutano una shida zaidi. Gazetini, mvutano ni ugomvi wa pande mbili zisizokubaliana, na anayesikia "kituo cha mvutano" kwa mara ya kwanza huenda akatafuta walipo wagombanao. Mezani pa fundi kinachopimwa ni uzito. Mizani ya jikoni husoma gramu, vidole huhisi uzito, risasi huongezwa kwa uzito. Kwa hiyo nukta ya kwanza naiita kitovu cha uzito. Mwanafizikia atakumbusha kwamba tungamo na uzito ni vitu viwili, naye ana haki, lakini kwa kitu chenye ukubwa wa ndege mfano, kilichozungukwa na mvutano ule ule wa dunia pande zote, kitovu cha tungamo na kitovu cha uzito huangukia mahali pamoja.

Kitovu hicho hakina lazima ya kuwa ndani ya kitu kigumu. Katika ndege mfano nyingi kimo katika hewa tupu ndani ya kiwiliwili, mahali ambapo hakuna hata msumari. Kinapatikana kwa hesabu ya kila gramu pamoja na umbali wake. Gramu 10 zilizo sentimita 60 nyuma zinafanya kazi ya 600. Ili kuzikabili kwenye pua iliyo sentimita 20 tu mbele, unahitaji gramu 30. Ndiyo maana mafundi wazoefu huogopa kila tone la gundi mkiani. Mkia uko mbali, na umbali huzidisha.

Kukipata kwa macho kuna njia ya kale na ya uhakika. Tundika ndege kwa uzi kutoka nukta moja, kisha shusha timazi, ile ya waashi, kutoka nukta hiyo hiyo, na uweke alama inakopita. Tundika tena kutoka nukta nyingine, shusha timazi tena. Mistari miwili inapokatana ndipo kilipo kitovu, hata kwa kimo chake cha juu na chini, jambo ambalo vidole peke yake haviwezi kukuambia.

Urari

Sasa rudi kwenye ramani, kwenye lile duara la weusi na weupe. Je, linaonyesha kitovu cha uzito cha ndege yako? Haliwezi. Aliyechora ramani hajui betri yako ina gramu ngapi, wala mbao zako zina uzani gani. Duara halielezi kilivyo kitu. Linaagiza kiwe vipi. Linasema: lete kitovu chako hapa.

Tofauti hiyo ni kubwa. Kitovu ni hali ya kitu, na duara ni agizo la mtunzi. Kwa Kiingereza vyote viwili vimebaki CG, na mabishano mengi ya mafundi hutoka humo. Mmoja husema "CG yangu iko sentimita 8," mwingine anajibu "hapana, CG ni sentimita 6," na kila mmoja anasema kweli kwa upande wake. Mmoja ametaja alichokikuta, mwingine alichoagizwa.

Neno la agizo hilo tunalo, na kila aliyepita kidato cha pili amelisikia. Mwalimu wa ushairi anapoeleza shairi la arudhi husema lina urari wa vina na mizani. Mhasibu anazungumzia urari wa hesabu, na wachumi wa Benki Kuu huandika urari wa malipo ya nje. Katika matumizi yote hayo urari ni usawa unaotafutwa na kufikiwa kwa kazi. Shairi haliwi na urari kwa kuzaliwa. Mshairi hupunguza silabi huku, huongeza kule, hubadili neno, mpaka mizani ikatimia. Hesabu za duka nazo hazina urari mpaka mtu akae azifunge. Ndege mfano ni hivyo hivyo. Kwa hiyo lile duara kwenye ramani naliita alama ya urari, na kazi ya kusogeza vitu mpaka kitovu kikae juu yake ndiyo kuipa ndege urari.

Alama ya urari huwekwa wapi? Hapa Kiswahili kinapendeza kuliko desimali. Kwa ndege ya kawaida, yenye bawa mbele na mkia nyuma, mahali pa kuanzia pamo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma. Maneno haya mawili, robo na theluthi, tumeyapata kutoka Kiarabu pamoja na elimu ya mirathi na biashara ya vipimo, na yanatosha kabisa kazi hii. Bawa lenye upana wa sentimita 20, lisilochongoka, lina robo yake sentimita 5 na theluthi yake kama sentimita 6.7. Usalama wote wa ndege ya kujifunzia umo ndani ya nafasi hiyo isiyofika sentimita 2.

Bawa linalochongoka kuelekea ncha halina upana mmoja, kwa hiyo hupimwa kwa upana wastani, ambao si jumla ya upana wa shina na wa ncha ikagawanywa kwa mbili. Shina lina eneo kubwa zaidi, na uzito wa hesabu huegemea huko. Bawa lenye sentimita 24 shinani na 16 nchani, likikokotolewa kwa njia ya wahandisi wa ndege, hutoa upana wastani wa sentimita 20.3 hivi, badala ya 20 kamili. Tofauti hapa ni ndogo, lakini kwenye bawa lililochongoka sana huwa kubwa, na asiyejua huweka alama ya urari mahali pasipo pake.

Upimaji wenyewe una adabu zake. Ndege ipimwe ikiwa na kila kitu kitakachopanda nacho angani: betri ndani, propela mahali pake, kifuniko kimefungwa. Ikiwa ni ya mafuta, ipimwe tangi likiwa tupu, kwa sababu tangi kwa kawaida liko mbele ya alama ya urari, na mafuta yanapoisha kitovu hurudi nyuma. Ndege ya bawa la juu hubebwa kwa vidole chini ya bawa ikiwa imesimama sawa. Ya bawa la chini hugeuzwa kichwa chini, la sivyo uzito wake huwa juu ya vidole na ndege hutaka kupinduka muda wote. Ikitulia sawa, au ikainamisha pua kidogo sana, umefika. Kisha usisahau urari wa kulia na kushoto, kwa sababu bawa moja likiwa zito ndege huelemea upande huo kila mwendo unapopungua.

Urejeo

Ningeweza kuishia hapa na msomaji angekuwa na ya kutosha kurusha ndege. Lakini hajajua kwa nini alama ya urari iko pale ilipo. Kwa nini isiwe katikati ya bawa, ambako jicho lingeiweka? Jibu linatupeleka kwenye nukta ya tatu, isiyoonekana kwa vidole wala kwa timazi.

Fikiria ndege inakwenda sawa, na upepo ukainua pua yake kidogo. Bawa linakutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi, na mkia vile vile. Vyote viwili vinapata nguvu ya ziada ya kunyanyua. Ukijumlisha nguvu hizo za ziada, zinafanya kazi kama zinapita kwenye nukta moja ya ndege nzima, na kwa sababu mkia nao umechangia, nukta hiyo iko nyuma ya robo ya bawa. Kama kitovu cha uzito kiko mbele ya nukta hiyo, nguvu ya ziada inainua sehemu ya nyuma, pua inashuka, ndege inarudi ilivyokuwa. Kama kitovu kiko juu ya nukta hiyo kabisa, hakuna kinachoirudisha wala kinachoizidisha. Inabaki popote ilipotupwa. Kama kiko nyuma yake, nguvu ya ziada inainua pua zaidi, na kila pua inapopanda nguvu inaongezeka, mpaka bawa linaachana na hewa. Marubani wa ndege mfano wana msemo kwamba ndege yenye pua nzito huruka vibaya, na yenye mkia mzito huruka mara moja tu. Sababu ya msemo huo ni nukta hii.

Tabia ya ndege kurudi yenyewe tuiite nini? Vitabu huandika uthabiti, na wengine utulivu. Yote mawili ni maneno mazuri, lakini hayasemi jambo lenyewe. Jiwe ni thabiti kwa sababu halisogei. Maji ya kisimani yametulia kwa sababu hakuna aliyeyatibua. Ndege nzuri husogezwa na hutibuliwa kila sekunde. Uzuri wake ni kwamba hurudi. Na mabaharia wa pwani walikwisha kuisema tabia hiyo katika methali: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumbo lake la chini, maji yanakokusanyika. Ukienda mbele, ukienda nyuma, mwisho utarudi tumboni. Methali hutumiwa kwa mtu anayezunguka dunia na hatimaye akarudi kwao, lakini picha yake ni ya chombo, na neno lake la kazi ni marejeo.

Kwa kuwa marejeo sasa ni neno la orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu, napendekeza urejeo kwa tabia hii ya ndege. Nukta ile ya tatu, ambayo kitovu kikiifikia urejeo umekwisha, iwe mpaka wa urejeo. Nafasi iliyopo kati ya kitovu cha uzito na mpaka huo iwe akiba ya urejeo, kwa sababu ni akiba kwelikweli: unaiweka, unaitumia, na ikiisha umefilisika. Kwa ndege mfano za kawaida akiba hiyo huwa asilimia 5 hadi 15 ya upana wastani wa bawa. Chukua ndege ya bawa la sentimita 20 ambayo mpaka wake uko sentimita 8.4 kutoka ukingo wa mbele. Ukiipa akiba ya asilimia 10, yaani sentimita 2, alama ya urari inaangukia sentimita 6.4, ambayo ni chini kidogo ya theluthi. Kumbe lile agizo la "kati ya robo na theluthi" halikutoka mbinguni. Lilitokana na mpaka, na mkia mkubwa ukiusogeza mpaka nyuma, alama nayo inaweza kusogea.

Aliyelionyesha jambo hili kwa kitu kinachoruka ni Mfaransa Alphonse Pénaud. Tarehe 18 Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, alirusha ndege ndogo iliyosukumwa na mpira uliosokotwa, ikaenda kama mita 40 kwa sekunde 11, bila mtu ndani wala uzi wa kuishika. Mkia wake aliupa pembe ndogo kuliko ya bawa, na uzito aliuweka mbele vya kutosha. Kila ilipoyumba, ilirudi yenyewe. Kabla yake, mwaka 1804, Mwingereza George Cayley alikwisha kutengeneza ndege mfano isiyo na injini, ndefu kama mita moja, yenye mkia wa kurekebishika na kipande cha uzito kilichoweza kusogezwa. Kwa hiyo ndege mfano haikuja kuigiza ndege kubwa. Ilitangulia, na swali lake la kwanza lilikuwa hili hili la uzito ukae wapi.

Farumi na mrama

Nimezitaja tezi na omo, na chombo hicho hicho kina maneno mengine mawili ambayo fundi wa ndege mfano angefanya vyema kuyachukua.

La kwanza ni farumi. Jahazi linaposafiri bila shehena, huwekwa mawe au mchanga chini ili lisipinduke. Huo ndio uzito usio na faida nyingine isipokuwa kuleta urari, na jina lake ni farumi. Vipande vya risasi ambavyo mafundi hubandika ndani ya pua ya ndege ni farumi hasa. Ndugu wa Wright, Orville na Wilbur, walipata shida ya ndege yao kupanda na kushuka kama mawimbi, na mwaka 1904 wakaongeza chini ya sehemu ya mbele vyuma vya karibu kilo 32. Walitia farumi.

Neno hilo lina onyo ndani yake, kwa kuwa nahodha mwenye shehena hahitaji mawe. Tuseme ndege yako ina gramu 1,200, na kitovu chake kiko sentimita 1 nyuma ya alama ya urari. Ukitaka kuponya kwa risasi iliyowekwa sentimita 25 mbele ya alama, utahitaji gramu 48, nazo zitabebwa kila safari milele. Lakini kama betri ina gramu 150, kuisogeza mbele sentimita 8 kunafanya kazi ile ile bila kuongeza hata gramu moja. Kwa lugha ya bandarini: panga shehena kwanza, farumi baadaye.

La pili ni mrama. Leo mambo yakiharibika tunasema yamekwenda mrama, na wengi hawakumbuki kwamba mrama ulikuwa mwendo wa chombo kinachosukwasukwa na mawimbi, kikiinua na kuinamisha. Mwendo wa ndege isiyo na akiba ya kutosha, inayopandisha pua na kuishusha huku rubani akipigana na rimoti, ni mrama kwa maana yake ya kwanza. Ninafurahi kila ninapoona neno lililokwisha kuwa nahau likipata tena kazi yake ya mikono.

Jaribio la mwisho hufanywa angani, na maneno yake ni mepesi. Ipandishe ndege juu vya kutosha, irekebishe iende sawa bila kuguswa, kisha iinamishe ichupe kwa pembe ya wastani na uachie rimoti. Ikijinyanyua yenyewe kwa haraka, pua ni nzito, yaani akiba ya urejeo ni kubwa. Ikiendelea na mstari wake au kujinyanyua pole pole, akiba ni ndogo na inafaa mikono iliyozoea. Ikizidi kuzamisha pua, mkia ni mzito. Ishushe kwa upole na usogeze betri. Pua nzito na mkia mzito ni majina ambayo mtu yeyote angeyatunga, na hayahitaji kubadilishwa.

Kwa nini sasa

Kuna atakayesema mchezo wa watu wachache haustahili istilahi. Lakini ndege ndogo zisizo na rubani si mchezo tena katika nchi zinazosema Kiswahili. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza mradi wa kupiga picha visiwa vyake kutoka angani, ukiongozwa na Kamisheni ya Ardhi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifunzwa kurusha eBee, ndege ya povu isiyo na mkia na yenye uzito usiofika kilo moja. Ndege isiyo na mkia haina msaada wa nyuma, kwa hiyo mpaka wake wa urejeo uko mbele zaidi, na alama ya urari ya ndege za namna hiyo kwa kawaida huanzia karibu na sudusi au humusi ya upana wastani. Aliyekariri "robo na theluthi" bila kujua mpaka ni nini ataiangusha. Aliyeelewa mpaka ataelewa sudusi papo hapo.

Mwaka huo huo wa 2016, mwezi Oktoba, Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline kutoka Muhanga. Kifurushi hudondoshwa kwa mwavuli na ndege hurudi bila mzigo. Fikiria maana yake kwa lugha tuliyoipanga hapa: ndege inapoteza sehemu ya uzito wake ikiwa angani, na haina nafasi ya kutua ili kupimwa upya. Ndege yoyote ya kazi hiyo lazima ibebe mzigo wake karibu kabisa na kitovu cha uzito, ili mzigo ukitoka kitovu kisisogee na akiba ya urejeo isiliwe. Fundi wa Muhanga, wa Mwanza au wa Mombasa anayejifunza kazi hii anastahili kuisikia kwa lugha anayoifikiria.

Ninachoomba walezi wa istilahi zetu, BAKITA, BAKIZA na TATAKI, wakitazame ni kidogo. Kitovu cha graviti kibaki darasani, hakuna haja ya kukifukuza. Ila katika kamusi ya ufundi wa ndege, maingizo yawe matatu yaliyotengana: kitovu cha uzito kwa kile kitu kilichonacho, alama ya urari kwa kile mtunzi alichoagiza, na mpaka wa urejeo kwa kile kisichopaswa kuvukwa. Ramani itakayochapwa kwa Kiswahili ionyeshe alama ya urari kwa lile duara la robo nne, na kwa mstari mwekundu nyuma yake ionyeshe mpaka wa urejeo, ili mjenzi aione akiba yake kwa macho. Na maelezo ya kwanza chini ya mchoro yasomeke hivi: "Betri ikiwa ndani na tangi likiwa tupu, panga vitu mpaka kitovu cha uzito kikae juu ya alama ya urari. Panapolazimu, tia farumi. Kitovu kisiufikie kamwe mpaka wa urejeo." Mwanafunzi wa miaka 12 na mhandisi wa chuo kikuu wote watazisoma sentensi hizo na kufanya kitu kimoja.